Ulianzia Wapi? Kutafuta X kwa Kikokotoo cha Kisayansi

Hotuba kwa wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, walimu na wazazi waliokutana katika siku ya hisabati. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakufika.

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi wetu, na ninyi vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Naona karibu kila dawati lina kikokotoo. Kitoeni, kiwasheni, kiwe mbele yenu. Wengi mna Casio fx-991ES PLUS. Wengine mna fx-991MS ya zamani, ile ya kioo cha mistari miwili. Wapo pia wenye fx-82MS, ambayo haina kitufe cha kutatua milinganyo. Wa fx-82MS msinyong'onyee. Mtaondoka hapa mnatatua milinganyo ileile wanayotatua wenzenu, na pengine mtakuwa mnaelewa zaidi kinachofanyika ndani.

Vijana wangu, mtu akikuletea jibu la X lililotoka kwenye mashine, usimwulize kwanza kama jibu ni sahihi. Mwulize: ulianzia wapi? Asipoweza kujibu, basi na jibu lake hajalijua bado. Asubuhi hii nataka tuelewe kwa nini swali hilo linatangulia maswali mengine yote.

Andikeni mlinganyo huu kwenye daftari: X³ − 2X − 5 = 0.

Isaac Newton aliutumia mlinganyo huu mwaka 1669 katika andiko lake la Kilatini, kuonyesha njia yake ya kutafuta kisichojulikana. Alifanyaje? Hakutafuta kanuni. Alikisia. Akajaribu 2, kwa sababu 8 toa 4 toa 5 ni −1, na −1 haiko mbali na sifuri. Akasema: jibu la kweli ni 2 na kitu kidogo, tukiite p. Akaweka 2 + p mahali pa X, akafungua mabano, akapata p³ + 6p² + 10p − 1 = 0. Sasa p ikiwa ndogo, p² ni ndogo zaidi na p³ ni ndogo mno, kwa hiyo akaziacha zote mbili. Kikabaki 10p = 1, yaani p ni 0.1. Jibu likasogea kutoka 2 hadi 2.1. Akarudia kazi ileile kuanzia 2.1, akapata kwamba anatakiwa kupunguza 0.0054 hivi. Akarudia tena, akafika 2.09455147.

Mwaka 1690 Joseph Raphson aliitoa njia hiyo katika sura rahisi zaidi: unaanza na kadirio, unapima mlinganyo umekosea kwa kiasi gani, unagawa kosa hilo kwa mteremko wa grafu mahali ulipo, unatoa kwenye kadirio lako, halafu unarudia. Kijitabu cha Casio kinaeleza kwamba SOLVE, yaani kile kitufe cha kutatua milinganyo, hutumia njia ya Newton. Umesikia? Kikokotoo chako hakijui aljebra. Kinakisia, kinapima kosa, kinasogea, kinakisia tena, kwa kasi ambayo macho hayaioni. Na kisio la kwanza hakijipi chenyewe. Unakipa wewe.

Tufanye pamoja. Kwenye fx-991ES PLUS bonyeza MODE kisha 1, kwa sababu SOLVE inafanya kazi kwenye hali ya kawaida ya COMP tu. Bonyeza ALPHA na kitufe cha kufunga mabano upate X. Bonyeza kitufe cha kipeo, andika 3. Simameni hapo hapo! Kabla ya kuandika −2X, bonyeza mshale wa kulia ushuke kutoka kwenye kipeo. Ukisahau mshale huo, −2X − 5 yote itapanda juu na kuwa kipeo pamoja na 3, na mashine itatatua mlinganyo ambao hujauliza. Tazama kioo: herufi zilizopanda juu ni ndogo kuliko zilizo chini. Kisha alama ya sawasawa. Usibonyeze ile kubwa ya chini kulia. Ya kwetu iko juu ya kitufe cha CALC kwa rangi nyekundu, unaipata kwa ALPHA CALC. Malizia na 0. Sasa SHIFT CALC, ndiyo SOLVE.

Kioo kinaonyesha maneno "Solve for X" na namba fulani chini yake. Namba hiyo imetoka wapi? Ni ile iliyokuwa imebaki kwenye kumbukumbu ya X, huenda tangu jana, huenda tangu rafiki yako alipoazima mashine. Wengi wanabonyeza sawasawa bila kuitazama. Wewe andika 2, kisha sawasawa. Unapata X = 2.094551482, na chini yake L−R = 0. Hiyo L−R ni upande wa kushoto ukitoa upande wa kulia, baada ya jibu kuingizwa. Ikiwa 0, au namba ndogo kama 1×10⁻¹², pande mbili zimelingana. Ikiwa 0.03, mashine imekata tamaa mahali fulani na hilo si jibu.

Wenye fx-991MS, hatua ni karibu zilezile, ila mashine yenu inauliza herufi moja moja. Mlinganyo ukiwa na A, B na X, jaza A na B kwa sawasawa, kisha tumia mshale kurudi kwenye herufi unayoitafuta ndipo ubonyeze SHIFT CALC. Kwenye ES PLUS, ukitafuta herufi isiyo X, malizia mlinganyo kwa alama ya mkato na jina la herufi hiyo, mkato unapatikana kwa SHIFT na kufunga mabano. Usipofanya hivyo, na X haimo kabisa, utaona Variable ERROR. Wanafunzi wa fizikia wanakutana nalo sana.

Sasa twende Baghdad.

Miaka 1,200 hivi iliyopita, mwanahisabati Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu ambamo mna swali hili: mraba na mizizi yake kumi ni sawa na 39. Kwa alama zetu, X² + 10X = 39. Namna alivyolitatua inapendeza hadi leo. Chukua nusu ya 10, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ongeza kwenye 39, unapata 64. Kipeuo chake ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Jibu ni 3.

Ingizeni kwenye mashine. Nusu ya ukumbi huu, upande wa madirishani, anzeni na 1. Nusu nyingine anzeni na −20. Mmepata ngapi? Huku ni 3. Kule ni −13. Mlinganyo mmoja, mashine za aina moja, majibu mawili, na pande zote mbili L−R ni 0. Nani amekosea? Hakuna aliyekosea. Ulianzia wapi? Hilo ndilo lililoamua.

SOLVE inaleta jibu moja tu kwa safari moja, mara nyingi lile lililo upande ulioanzia, kama mgeni aliyeshushwa kituoni akatafuta duka la dawa: ataingia lililo jirani na kituo, hata kama mtaani yapo mawili. Al-Khwarizmi aliandika 3 peke yake kwa sababu alikuwa anapima upande wa mraba, na hakuna upande wenye urefu wa −13. Swali lenyewe ndilo lililochagua jibu. Mtihani unaweza kukuuliza urefu, muda au idadi ya watu. Unaweza pia kukuuliza thamani zote za X. Mashine haijui umeulizwa lipi.

Kwa mlinganyo wa aina hii, kwa kweli, msitumie SOLVE. Tumieni EQN, hali ya mashine ya kutatua milinganyo kwa vizigeu vyake, ambayo inatoa majibu yote mara moja. Kwenye ES PLUS ni MODE 5, halafu 3 kwa mlinganyo wa X² na 4 kwa wa X³. Kwenye fx-991MS ni MODE mara tatu kisha 1, halafu mshale wa kulia kufika kwenye swali la "Degree". Unaingiza vizigeu: 1, 10, na... na nini? Nasikia 39. Hapana! Hapo ndipo wengi wanapopoteza alama. Hali hii inataka kila kitu kiwe upande wa kushoto na sifuri iwe kulia, kwa hiyo unaingiza −39. Lakini ukienda MODE 5 kisha 1, kwenye milinganyo miwili ya pamoja ya X na Y, namba ya peke yake inabaki kulia na inaingia na alama yake ya kulia. Mashine moja, kurasa mbili zinazofuatana, taratibu mbili kinyume. Tazama maandishi ya kioo kila mara: yanakuambia wazi namba ya mwisho inakaa wapi.

Na wenye fx-991MS nawaomba mnisikilize kwa makini zaidi hapa. Ingizeni X² + 2X + 5 = 0. Kioo kinasema −1. Mnaandika X = −1, mnafunga daftari. Hebu weka −1 kwenye mlinganyo: 1 toa 2 jumlisha 5 ni 4. Si sifuri! Tazameni kona ya juu ya kioo, kuna alama ndogo ya R na I na mishale katikati. Inasema kwamba jibu ni namba changamano na umeonyeshwa nusu yake tu. Bonyezeni SHIFT na sawasawa mwone nusu ya pili, 2i. Majibu ni −1 + 2i na −1 − 2i. ES PLUS inaonyesha zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana waliohamia kutoka mashine moja kwenda nyingine wanadhani moja imeharibika.

Lakini milinganyo mingi ya maisha na ya mtihani haiingii kwenye EQN. Chukua eˣ = 4X. (Hiyo e inapatikana kwa SHIFT ln. Msibonyeze EXP, ile ni ya kumi kwa kipeo.) Unaanzia wapi hapa? Usikisie gizani. Bonyeza MODE 7, hali ya TABLE, andika eˣ − 4X, anzia 0, ishia 3, hatua 1. Mashine ikiuliza g(X), bonyeza sawasawa uipite. Jedwali linakuja: kwenye 0 ni 1, kwenye 1 ni −1.28, kwenye 2 ni −0.61, kwenye 3 ni 8.09. Mmeona alama zinavyogeuka? Kutoka chanya kwenda hasi kati ya 0 na 1, na kutoka hasi kwenda chanya kati ya 2 na 3. Basi majibu mawili yamo humo. Rudi MODE 1, anzia 0, upate 0.3574. Anzia 3, upate 2.1533.

Vipi ukianzia 1.4? Hapo grafu ya eˣ − 4X imelala, iko karibu kabisa na bonde lake, mteremko ni 0.055 tu. Kumbukeni kanuni ya Raphson: unagawa kosa kwa mteremko. Kosa ni −1.54, ukiligawa kwa 0.055 unapata karibu 28 kwa ukubwa. Kwa hatua moja unarushwa kutoka 1.4 hadi 29, na huko unaanza kurudi taratibu, kama 1 kwa kila hatua. Mkiwahi kuona mashine imekaa kimya sekunde nyingi, au imeandika "Continue" ikisubiri sawasawa, au imekataa kabisa kwa "Can't Solve", mara nyingi haijaharibika. Imeanzishwa mahali pabaya. Kijitabu chenyewe kinataja kwamba milinganyo yenye sin, eˣ na vipeuo vya pili huisumbua. Bonyeza AC, rudi kwenye jedwali, chagua mahali pengine.

Jambo linalofuata lina hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu mashine haitoi onyo lolote.

Johannes Kepler alichapisha mwaka 1609 kazi yake juu ya mwendo wa sayari ya Mirihi. Alikuwa amegundua kwamba Mirihi inazunguka jua kwa njia ya duaradufu, si duara, na kwamba ikiwa karibu na jua inakimbia, ikiwa mbali inapunguza mwendo. Ili kujua sayari iko wapi siku fulani, alihitaji kutatua mlinganyo ambao kwa herufi zetu ni X − e sin X = M. Hapa e si ile ya eˣ, ni kipimo cha jinsi duaradufu ilivyobonyea, na M ni muda uliopita ukiandikwa kama pembe. Alikiri waziwazi kwamba hakuna njia ya moja kwa moja ya kuitoa X. Unakisia na kusahihisha. Hadi leo mlinganyo wa Kepler hutatuliwa kwa kukisia na kusahihisha, hata kwa kompyuta.

Mirihi inazunguka jua kwa siku 687, na kwa duaradufu yake e ni 0.0934. Siku 109 hivi baada ya kuwa karibu kabisa na jua, M inakuwa 1. Ingizeni: X − 0.0934 sin X = 1. Fungeni mabano ya sin kabla ya alama ya sawasawa. Anzeni wote na 1.

Nani amepata 1.0825? Nani amepata 1.0016? Inueni mikono. Wote mmeanzia pahali pamoja. Wote L−R ni 0. Sasa nani amekosea?

Waliopata 1.0016 wana herufi ndogo D juu ya kioo. Mashine zao ziko kwenye nyuzi. Mlinganyo wa Kepler unahesabu pembe kwa radiani, kwa hiyo sin ya 1 inatakiwa kuwa 0.8415, na wao walikuwa wanapata 0.01745. Mashine yao imetatua kwa uaminifu mkubwa mlinganyo usiohusu Mirihi wala sayari yoyote. Jibu sahihi ni radiani 1.0825, ambazo ni nyuzi 62 na kitu.

Hebu tulirudie hili, maana naliona kila mara kwenye kazi za wanafunzi wazuri. L−R = 0 inasema X inatosheleza mlinganyo ulioandika, kwa mpangilio uliouweka. Haisemi uliandika mlinganyo sahihi. Haisemi mpangilio ni sahihi. Kubadili kwenye ES PLUS ni SHIFT MODE, kisha 3 kwa nyuzi au 4 kwa radiani. Na kuna makosa mengine ya ukoo huohuo. Ukiandika 1÷2X, mashine inasoma 1 gawa kwa 2X. Ukiandika 1÷2×X, inasoma nusu ya X. Alama moja ya kuzidisha imebadilisha swali, na mashine zote mbili zitaleta L−R = 0. Ukiwa na shaka, weka mabano. Mabano ya ziada hayakatwi alama.

Wazazi, nawaona mmenyamaza. Sehemu hii ni yenu.

Mtu anachukua mkopo wa shilingi 1,000,000. Anaambiwa riba ni asilimia 20 kwa mwaka, atalipa 100,000 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla 1,200,000. Asilimia 20, hesabu imekaa sawa, anaweka sahihi. Je, riba ni asilimia 20 kweli?

Tufikiri. Mwezi wa kwanza ana milioni nzima mkononi. Mwezi wa sita amesharudisha sehemu kubwa. Mwezi wa mwisho anadaiwa pungufu ya laki moja. Lakini riba imepigwa juu ya milioni yote kana kwamba alikaa nayo mwaka mzima. Riba ya kweli ya kila mwezi, tuiite X, ni ile inayofanya malipo 12 ya laki yawe na thamani ya milioni leo. Tukigawa pande zote kwa 100,000, mlinganyo ni huu:

10 = (1 − (1 + X)⁻¹²) ÷ X

Hakuna aljebra itakayoitoa X humo. Hii ni kazi ya SOLVE. Ulianzia wapi? Kijana wa mbele anasema 0. Jaribu. Math ERROR. Kwa nini? Kwa sababu X iko chini ya mgawanyo, na mashine imeambiwa ianze kwa kugawa kwa sifuri. Na mjanja mwingine anasema, basi nizidishe pande zote kwa X, niandike 10X = 1 − (1 + X)⁻¹². Sasa anzia 0, au hata 0.01. Mashine inaleta X = 0, au namba ndogo sana inayolingana na sifuri. L−R ni 0! Yaani mkopo hauna riba kabisa, wakati mtu amelipa laki mbili zaidi. Kuzidisha kwa X kumeingiza jibu la bandia lisilokuwepo kwenye swali la mwanzo, na ukianzia karibu nalo utatumbukia humo.

Rudini kwenye umbo la kwanza. Anzeni na 0.05, yaani asilimia 5 kwa mwezi, kadirio la mtu mwenye akili timamu. X = 0.0292285. Asilimia 2.92 kwa mwezi. Zidisha kwa 12: asilimia 35 kwa mwaka. Siyo 20. Thelathini na tano!

Msiniamini kwa maneno. Hakikisheni, na hapa hata fx-82MS inatosha. Andika 1000000, bonyeza sawasawa. Sasa andika Ans × 1.0292285 − 100000. Kila unapobonyeza sawasawa, mwezi mmoja unapita: deni linaongezeka riba, halafu linapungua laki. Mwezi wa kwanza 929,228 na senti. Wa pili 856,388. Endeleeni hadi mara ya 12. Deni limeisha, kinachobaki au kuzidi ni shilingi moja hivi, kwa sababu tulikata desimali za X. Ukijaribu hivyohivyo kwa asilimia 20 ikigawanywa kwa 12, baada ya mwezi wa 11 deni linabaki kama shilingi 3,000 tu, na malipo ya mwezi wa 12 yanazidi. Kabla ya kuweka sahihi kwenye karatasi ya mkopo, mwombeni mtoto wenu afanye hesabu hii. Ni dakika tatu.

Nimetaja Ans, kwa hiyo wenye fx-82MS zamu yenu imefika. Ans ni jibu la mwisho, na kitufe hicho kimoja kinatosha kuwa Newton. Andikeni 2, sawasawa. Kisha andikeni mstari huu wote:

Ans − (Ans³ − 2 × Ans − 5) ÷ (3 × Ans² − 2)

Mabano ya kwanza ni mlinganyo wetu. Ya pili ni mteremko wake, ile differentiation mliyoisoma. Bonyezeni sawasawa: 2.1. Tena: 2.094568121. Tena: 2.094551482. Tena: haibadiliki. Mmefika, tena mmeziona hatua zote ambazo mwenye 991 amefichwa. Ile 2.1 ndiyo ileile ya Newton mwaka 1669.

Sasa badilisheni mlinganyo uwe X³ − 2X + 2 = 0, mteremko ni uleule. Andika 0, sawasawa, kisha mstari mpya wenye + 2 mahali pa − 5. Bonyeza. 1. Bonyeza. 0. Bonyeza. 1. Bonyeza. 0. Utabonyeza hadi jua lizame, itabaki kuruka kati ya 0 na 1. Mlinganyo una jibu halisi, lakini si kwa kuanzia hapo. Anzia −2: −1.8, kisha −1.76995 hivi, kisha −1.76929, na imetulia.

Kuhusu mtihani nitasema kidogo, walimu wenu wanajua zaidi. Katika Hisabati ya Juu ya Kidato cha Sita kikokotoo kisichopangwa programu kinaruhusiwa, na kuna maswali yanayopima ustadi wa kukitumia. Swali likisema onyesha njia, namba tupu kutoka SOLVE haitakupa alama za njia. Fanya kazi kwa mkono, kisha tumia mashine kujihakikishia. Likitaka desimali nne, usikate katikati: iache X kwenye kumbukumbu na desimali zake zote, kata mwishoni. Na ukiazima mashine, au ikikaa ovyo, SHIFT 9, 3, sawasawa, AC inairudisha kama ilivyotoka dukani kwenye ES PLUS. Kwenye MS ni SHIFT MODE, 3, sawasawa mara mbili. Baada ya hapo itakuwa kwenye nyuzi, kwa hiyo hesabu za radiani ziweke upya.

Mazoezi ni matatu, fanyeni kabla hamjatoka kwenda kunywa chai. La kwanza, cos X = X, kwa radiani; wa fx-82MS mtaandika 1, sawasawa, kisha cos Ans, na kubonyeza kwa uvumilivu mpaka mfike 0.739085133. La pili, eˣ = 5X, majibu yote mawili, na muandike kando ya kila jibu mlianzia wapi. La tatu ni la wazazi na watoto pamoja: mkopo wa 500,000, malipo ya 50,000 kwa miezi 12. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, utazameni vizuri mlinganyo wake mwone kama kuna haja ya kubonyeza. Mwalimu wa zamu anapita kati ya madawati. Ambaye mashine yake inakataa, ainue mkono na amwonyeshe kioo kabla ya kubonyeza AC.